James Leonard Brierley Smith

James Leonard Brierley Smith (Graaff-Reinet, 26 Septemba 1897 – Grahamstown, 8 Januari 1968) alikuwa mwanakemia na mtaalamu wa samaki kutoka Afrika Kusini. Anajulikana zaidi kwa jina la J. L. B. Smith. Alipata sifa duniani kwa kumtambua silikanti, samaki wa kundi lililodhaniwa kuwa limetoweka tangu mwisho wa zama za dinosauri. Hata hivyo sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti ilikwenda katika kazi isiyovuma sana: kukusanya, kueleza na kuainisha samaki wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, kutoka Afrika Kusini na Msumbiji hadi Zanzibar, Pemba, Kenya na Shelisheli. Spishi mpya alizozieleza ni zaidi ya 300.

Maisha ya awali

Smith alizaliwa Graaff-Reinet, mji wa eneo kame la Karoo lililo mbali na bahari. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Koloni la Rasi, lililotawaliwa na Uingereza. Alisoma katika shule za miji midogo ya bara, kisha akamaliza masomo ya sekondari Diocesan College, Rondebosch, karibu na Cape Town. Uvuvi wa ndoano aliupenda tangu utotoni, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni.

Mwaka 1916 alipata shahada ya kwanza iliyohusu kemia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa askari wa miguu katika majeshi yaliyopigana na Wajerumani Afrika ya Mashariki. Kama askari wengi wa vita hivyo, aliumizwa na maradhi zaidi kuliko risasi. Alipata malaria na kuhara damu, akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Tangu hapo afya yake haikuwa imara tena, na kwa sababu hiyo alizoea kujiwekea masharti makali ya chakula, mazoezi na matumizi ya muda.

Baada ya vita alipata shahada ya uzamili Stellenbosch mwaka 1918, na shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1922. Mwaka 1923 alianza kufundisha kemia katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Aliandika vitabu vya kufundishia kemia na kufanya utafiti katika fani hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alioa mara mbili. Ndoa ya kwanza, iliyojaliwa watoto watatu, ilivunjika mwaka 1937. Mwaka uliofuata alimwoa Margaret Mary Macdonald (1916–1987), aliyekuwa amesoma Rhodes. Walipata mtoto mmoja wa kiume, William, ambaye baadaye alijulikana sana Afrika Kusini kama mwalimu wa sayansi na hisabati. Margaret akawa pia mshirika wa mumewe katika kazi. Alijifunza kuchora samaki, alisimamia safari za utafiti na aliandika pamoja naye.

Kutoka kemia hadi samaki

Smith hakusomea elimu ya samaki darasani. Aliingia katika fani hiyo kwa mlango wa uvuvi wa kujifurahisha. Kila alipopata samaki asiyemjua alitaka kumpa jina, na mara nyingi hakuona kitabu cha kumsaidia. Kazi kuu iliyokuwapo ilikuwa ya K. H. Barnard wa makumbusho ya Cape Town, iliyotolewa katika miaka ya 1920. Ilikuwa kazi ya kitaalamu, ngumu kwa mvuvi wa kawaida.

Makala yake ya kwanza kuhusu samaki ilitoka mwaka 1931. Tangu hapo aliendesha kazi mbili kwa pamoja: kemia kwa mshahara, na samaki katika likizo na usiku. Makumbusho madogo ya miji ya pwani ya kusini yalimfanya mshauri wao wa samaki bila malipo. Wavuvi na wasimamizi wa makumbusho hayo walimpelekea samaki wasiowafahamu, naye aliwajibu kwa barua.

Kumtambua samaki kwa njia ya kisayansi hakutegemei rangi peke yake, kwa kuwa rangi hubadilika samaki akifa au akihifadhiwa katika dawa. Mtaalamu huhesabu miiba na vijiti laini vya kila pezi, magamba ya mstari wa ubavuni na idadi ya meno, kisha hupima urefu wa kichwa, jicho na mwili na kulinganisha vipimo hivyo. Kazi hii ilimfaa mtu aliyezoea mizani na vipimo vya maabara. Smith alizipanga hesabu hizo kwa utaratibu ambao hata mtu asiye mtaalamu aliweza kuufuata hatua kwa hatua mpaka afikie jina la samaki wake.

Silikanti wa kwanza

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iliyoitwa Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilirudi katika bandari ya East London ikiwa na samaki mkubwa wa ajabu. Alinaswa na wavu wa kukokota karibu na mlango wa mto Chalumna. Urefu wake ulikuwa karibu mita 1.5 na uzito wake zaidi ya kilo 57. Rangi yake ilikuwa ya samawati, magamba yake magumu, na baadhi ya mapezi yake yalikaa juu ya vikonyo vyenye nyama, mithili ya miguu mifupi.

Goosen alikuwa na desturi ya kumwita Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho ya East London, aje kuchagua samaki wanaofaa kuhifadhiwa. Siku ile pia aliitwa. Courtenay-Latimer hakumjua samaki huyo, lakini alitambua kwamba hakuwa wa kawaida. Alimpeleka makumbusho kwa teksi, akahangaika kutafuta mahali pa baridi pa kumweka asioze, asipate. Tarehe 23 Desemba alimwandikia Smith barua na kuchora umbo la samaki kwa mkono.

Smith alikuwa likizoni Knysna, mamia ya kilomita kutoka East London, na posta ilichelewa kwa sababu ya sikukuu. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Alipoona mchoro alishtuka, kwa kuwa ulifanana na samaki aliowajua kutoka picha za visukuku tu. Alipeleka simu ya maandishi akisisitiza mifupa na matamvua vihifadhiwe. Alikuwa amechelewa. Kwa kuwa joto lilikuwa kali na jibu halikuja, samaki alikuwa amekwisha kuchunwa ngozi ili akaushwe kwa maonyesho, na viungo vya ndani vilikuwa vimetupwa.

Smith alikuwa katika hali ngumu. Kama angetangaza kwamba silikanti yu hai na kumbe amekosea, jina lake katika sayansi lingeharibika. Yeye alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kidogo, mbali na makumbusho makubwa ya Ulaya. Kama angenyamaza, habari kubwa ingempita. Alisubiri mpaka amwone samaki mwenyewe. Tarehe 16 Februari 1939 alifika East London na mara moja akaridhika kwamba hakukuwa na shaka.

Maelezo ya kwanza yalitolewa katika jarida la Nature tarehe 18 Machi 1939. Smith alimpa samaki jina la Latimeria chalumnae. Jina la jenasi lilimheshimu Courtenay-Latimer, na jina la spishi lilitokana na mto Chalumna. Visukuku vya kundi la silikanti huonekana katika miamba ya umri wa takriban miaka milioni 400, na hukoma katika miamba ya miaka milioni 66 hivi iliyopita. Ndiyo sababu wanasayansi walikuwa wameafikiana kwamba kundi zima limekwisha. Smith aliendelea kumchunguza samaki huyo, akatoa maelezo marefu zaidi kupitia Royal Society ya Afrika Kusini.

Kipeperushi cha zawadi

Kupotea kwa viungo vya ndani kulimsumbua Smith kwa miaka kumi na minne. Bila moyo, utumbo, ubongo na matamvua, maswali makubwa kuhusu silikanti hayakuweza kujibiwa. Alihitaji samaki wa pili, mzima. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizuia safari ndefu, lakini aliendelea kufikiri mahali ambapo silikanti wangeweza kuishi.

Aliamini kwamba yule wa East London alikuwa amepotea njia, na kwamba makao yake halisi yalikuwa kaskazini zaidi, kwenye miamba ya maji ya joto. Mwili wake mzito na magamba yake magumu vilimwonyesha samaki anayeishi kati ya miamba, si katika vilindi vya tope vya bahari kuu. Kwa hiyo alielekeza macho kwenye Msumbiji, Afrika ya Mashariki na visiwa vya jirani.

Alichapisha kipeperushi chenye picha ya silikanti na ahadi ya zawadi ya pauni 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa mwanzo watakaopatikana. Kiliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, lugha za serikali zilizotawala pwani hizo. Kwa mvuvi wa siku zile, pauni 100 zilikuwa mali nyingi sana. Hata hivyo wavuvi wengi wa pwani na visiwani hawakusoma hata moja ya lugha hizo tatu. Kwao ujumbe ulipita kwa njia ya picha, au kwa mdomo wa watu waliojua kusoma.

Utafiti katika pwani ya Afrika ya Mashariki

Mwaka 1946 Smith aliacha kufundisha kemia. Rhodes ilianzisha idara ya elimu ya samaki, naye akapata msaada wa fedha wa kumwezesha kufanya utafiti huo tu. Akiwa na umri wa karibu miaka 50, alikuwa anaanza upya katika fani ambayo hakuwa na shahada yake.

Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake kikubwa, The Sea Fishes of Southern Africa. Kilieleza samaki wa bahari wa kusini mwa Afrika kwa picha nyingi, nyingine za rangi, na gharama yake ilisaidiwa na mfadhili Hugh le May. Kilinunuliwa na wavuvi, walimu na wanasayansi, na kilichapishwa tena mara kadhaa.

Wakati huohuo safari za kaskazini zilianza. Smith na Margaret walifanya kazi Msumbiji mara nyingi, pamoja na Pinda katika kaskazini ya nchi hiyo. Hapo mwaka 1950 Smith alichomwa kidoleni na samaki-jiwe, ambaye hujificha chini ya bahari kama kipande cha mwamba na kubeba sumu katika miiba ya mgongo. Maumivu yalikuwa makali sana, na alichukua muda mrefu kupona. Aliyaandika yaliyompata kama taarifa ya kitabibu, iliyochapishwa mwaka 1951 katika jarida la Copeia la Marekani.

Mwaka 1952 walifika Kenya, Pemba na Unguja. Katika miamba ya matumbawe walikusanya pono, chewa, kangaja, kikande na samaki wengine wengi, wakubwa na wadogo. Samaki walichorwa wakiwa wabichi kabla rangi haijapotea, kisha wakatiwa katika fomalini kwa safari ya Grahamstown. Mwaka 1954 walikwenda Shelisheli na Aldabra. Makala za samaki wa Aldabra zilifuata, na mwaka 1963 mume na mke walitoa kitabu kuhusu samaki wa Shelisheli.

Faida ya safari hizi ilikuwa kuyaunganisha maji yaliyokuwa yakitazamwa vipande vipande. Ukoloni ulikuwa umegawa pwani kati ya Waingereza, Wareno na Wafaransa, na habari za samaki zilitawanyika katika vitabu vya lugha mbalimbali na makumbusho ya miji mikuu ya Ulaya. Samaki wenyewe hawajui mipaka hiyo. Smith aliwalinganisha wa Durban, Msumbiji, Pemba na Shelisheli kwenye meza moja, akaonyesha wapi ni spishi ileile yenye majina mawili, na wapi ni spishi mbili zilizochanganywa.

Silikanti wa Komoro

Zanzibar mwaka 1952 akina Smith walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi kati ya Zanzibar na Komoro. Hunt alivutiwa na habari za silikanti na akachukua vipeperushi ili avieneze visiwani huko.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah alivua kwa mshipi samaki mkubwa karibu na Domoni, katika kisiwa cha Nzwani, kinachoitwa Anjouan kwa Kifaransa. Wavuvi wa Komoro walimjua samaki huyo tangu zamani, nao humwita gombessa. Hakuwa na thamani kubwa sokoni. Kesho yake mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alimwona na kukumbuka picha ya kipeperushi. Aliwazuia wasimkate, akasisitiza apelekwe kwa Hunt. Samaki alibebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi bandari ya Mutsamudu.

Hunt hakuwa na dawa ya kumhifadhi. Aliamuru apasuliwe na kutiwa chumvi, kisha akampeleka Dzaoudzi, upande wa Mayotte, ambako alipata fomalini. Kutoka huko alimpelekea Smith simu ya maandishi.

Simu ilimfikia Smith mkesha wa Krismasi katika bandari ya Durban, akiwa ndani ya meli iliyokuwa ikimrudisha kutoka Afrika ya Mashariki. Alikuwa amepita karibu na Komoro siku chache tu kabla. Hofu yake ilikuwa ileile ya mwaka 1938: joto, sikukuu na kuchelewa. Tena Komoro ilitawaliwa na Ufaransa, na maofisa wa huko wangeweza kumchukua samaki. Baada ya kuwatafuta viongozi kadhaa bila mafanikio, tarehe 26 Desemba usiku alizungumza kwa simu na waziri mkuu D. F. Malan, ambaye hapo awali alikuwa mchungaji wa kanisa. Malan alikubali kutoa ndege ya jeshi la anga.

Ndege hiyo, aina ya Dakota, iliondoka Durban, ikapumzika Lumbo nchini Msumbiji, ikatua Pamanzi karibu na Dzaoudzi tarehe 29 Desemba. Smith alipofunuliwa sanduku alipiga magoti na kulia. Alirudi Afrika Kusini na samaki akamwonyesha Malan. Ahamadi Abdallah alipata zawadi iliyoahidiwa.

Samaki wa Nzwani hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. Kwa sababu hiyo Smith alimdhani kuwa wa jenasi nyingine akamwita Malania anjouanae, kwa heshima ya Malan na kisiwa. Silikanti waliopatikana baadaye walionyesha kwamba pezi hilo lilikosekana kwa sababu ya jeraha au kasoro tu, na jina hilo likaachwa. Samaki wote walikuwa Latimeria chalumnae.

Tukio hilo liliwaudhi Wafaransa. Baada ya hapo walizuia wageni kuwatafuta silikanti Komoro, na waliofuata walipelekwa Paris kwa profesa Jacques Millot na wenzake, walioeleza kwa urefu mwili wa silikanti ndani na nje. Smith, aliyewaongoza wote mpaka Komoro, hakupata nafasi ya kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1956 aliandika historia ya utafutaji wake katika kitabu Old Fourlegs, kilichotafsiriwa katika lugha mbalimbali.

Kazi ya uainishaji

Baada ya mwaka 1952 Smith angeweza kuishi kwa sifa ya silikanti. Badala yake alirudi kwenye kuhesabu magamba na miiba. Mwaka 1956 alianzisha mfululizo wa machapisho ya Rhodes kuhusu samaki, kila toleo likishughulikia familia moja au chache za magharibi ya Bahari ya Hindi. Miongoni mwa za kwanza zilikuwa pono na jamaa ya samaki-jiwe.

Kati ya spishi alizozieleza ni hizi:

Pseudanthias evansi, iliyoelezwa mwaka 1954, ni samaki mdogo wa rangi ya njano na zambarau anayeogelea kwa makundi kwenye miamba ya Bahari ya Hindi.

Meiacanthus mossambicus, iliyoelezwa mwaka 1959, ni samaki mdogo wa miamba ya Afrika ya Mashariki mwenye meno ya sumu.

Syngnathus watermeyeri, iliyoelezwa mwaka 1963, ni samaki mwembamba wa jamaa ya farasi-bahari. Huishi katika midomo michache tu ya mito ya Rasi ya Mashariki, na leo yumo hatarini kabisa kutoweka.

Mfano huu wa mwisho unaonyesha faida ya kazi ya namna hii. Spishi isiyo na jina haiwezi kuwekwa katika sheria ya hifadhi, wala hakuna atakayejua ikitoweka.

Mbinu na ukosoaji

Katika kukusanya samaki wa miamba Smith alitumia mara nyingi baruti. Njia hiyo ilimpa samaki wadogo wanaojificha katika mashimo ya matumbawe, ambao ndoano na wavu haviwafikii, na kwa hiyo spishi nyingi mpya zilipatikana. Lakini baruti huua kila kiumbe kilichoko karibu na kuvunja matumbawe ambayo hukua polepole sana. Baruti imekuwa janga kubwa la miamba katika pwani ya Tanzania, ambako uvuvi wa aina hiyo ni kosa la jinai. Watafiti wa leo hutumia zana za kuzamia, kamera na nyavu ndogo.

Baadhi ya mawazo yake kuhusu silikanti yamesahihishwa pia. Yeye alimchora kama mwindaji mkali wa miamba, na jina la kitabu chake lilieneza picha ya samaki anayetembea kwa miguu minne. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walimpiga picha za filamu silikanti akiwa hai karibu na Ngazidja, wakitumia chombo cha kuzamia. Waliona kwamba hatembei chini ya bahari. Huelea polepole, akiyasogeza mapezi yake kwa zamu, na mchana hupumzika mapangoni katika vilindi vya zaidi ya mita 100. Dhana ya Smith kwamba makao yake ni miamba, si tope la bahari kuu, ilithibitika kuwa sawa.

Utafiti wa jenetiki umeonyesha vilevile kwamba silikanti si samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Nafasi hiyo ni ya samaki wenye mapafu, ambao kamongo wa maziwa na mito ya Afrika ni mmoja wao.

Kifo na urithi

Smith alifanya kazi karibu mpaka siku zake za mwisho. Afya yake ilipozidi kuzorota alijitoa uhai Grahamstown tarehe 8 Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70.

Margaret Smith hakuiacha kazi isimame. Taasisi ya samaki ilianzishwa kwa jina la mumewe, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Alifundisha wachoraji na watafiti wapya, na pamoja na Phillip Heemstra alihariri kitabu kikubwa kipya cha samaki wa kusini mwa Afrika, Smiths' Sea Fishes, kilichotoka mwaka 1986. Katika jina hilo akina Smith wametajwa kwa wingi, kwa kuwa kitabu ni cha wote wawili. Margaret alifariki mwaka uliofuata. Tangu mwaka 2001 taasisi huitwa South African Institute for Aquatic Biodiversity. Hutunza mkusanyo mkubwa wa samaki, wakiwemo wale waliokusanywa Msumbiji, Kenya, Zanzibar na Shelisheli.

Silikanti baada ya Smith

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba silikanti huishi Komoro tu. Baadaye walipatikana Msumbiji na Madagaska katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 spishi ya pili, Latimeria menadoensis, ilithibitishwa katika Sulawesi, Indonesia, na kupewa jina mwaka 1999. Mwaka 2000 wazamiaji waliwaona silikanti hai Sodwana Bay, Afrika Kusini. Mwaka 2001 mmoja alivuliwa Malindi, Kenya.

Nchini Tanzania wa kwanza kujulikana walipatikana upande wa kusini mwaka 2003. Kuanzia mwaka 2004 wengi walinaswa Tanga katika jarife, nyavu zinazotegwa vilindini kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Latimeria chalumnae imeorodheshwa kati ya spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Wavuvi wanaomnasa kwa bahati mbaya huhimizwa kutoa taarifa kwa maofisa wa uvuvi.